Kabati la Thina

Jumatatu, 8 Septemba

Leo nimeitwa mchomaji nyumba. Kisa matambara. Asubuhi nilipaka miguu ya meza mafuta ya kitani, matambara nikayakunjakunja nikayatupa kwenye ndoo, kama siku zote. Saa nane mke wangu Shamimu anapita, ndoo inafuka moshi. Hakuna kiberiti, hakuna mkaa — yamejipasha moto yenyewe. Ndiyo, hutokea. Na stoo yangu ina bati moja tu juu, jua la Dodoma linaingia kama lina funguo.

Shamimu hakununa, alihutubia. Kwamba stoo imeshikana ukuta na jiko. Kwamba mama yangu analala chumba cha pili na magoti hayamruhusu kukimbia. Kwamba hii siyo karakana, ni nyumba ya watu. Nikamwambia nilipokuwa na kibanda changu cha useremala barabarani, kabla hakijabomolewa, haya hayakuwepo. Iliyopanuka ni barabara, siyo mimi. Hakucheka.

Nimeyaanika matambara kwenye kamba, moja moja. Jirani kaniuliza kama tumepata mtoto.

Jumatano, 10 Septemba

Sasa ni zamu ya chupa. Shamimu kanisimamishia chupa mbili mbele ya uso, moja ya maji ya kunywa, moja ya thina yangu ya kuyeyushia vanishi, anasema chagua. Nimechagua sawasawa — kwa kunusa. Akasema Mama haanzi kwa kunusa, anaanza kwa kunywa.

Nifanyeje mimi? Thina inapimwa kutoka kwenye pipa, unakwenda na chupa yako ya maji, unajaziwa. Mafundi wote wa mtaa huu wa Kikuyu wanafanya hivyo. Halafu na maji nayo ni ya mgao, siku yakitoka bombani kila chenye mdomo ndani ya nyumba kinajazwa. Kwa hiyo naandika. THINA, kwa maka peni, herufi kubwa. Shida ni kwamba ikichuruzika kidogo inafuta jina lake yenyewe. Hilo nalo ni kosa langu, eti.

Ijumaa, 12 Septemba

Nilikwenda mjini dukani kwa Parvez kuchukua vanishi ya kabati la nguo la dada Hilda. Huyu mteja wangu ni mtu wa ofisini, anataka kazi yake Ijumaa ijayo bila hadithi. Parvez kaiona chupa yangu ya thina, kaikataa. Fundi Makame, anasema, wewe una mzee nyumbani. Akanipa galoni la bati, tupu, lenye mfuniko wa kusokota, bure. Akanisomea na masharti: kivulini, mbali na moto, lifungwe, kila kitu kwenye chombo chake. Nyuma yangu watu wanne wameshika chupa za maji vilevile. Hao hakuwaambia kitu.

Galoni lenyewe linamwaga ovyo. Ukitaka kijiko linakupa kikombe. Nimelisukuma chini ya meza. Nitahamishia thina humo nikishamaliza ya Hilda.

Jumapili, 14 Septemba

Nimesalimu amri, nimetengeneza kabati. Vipande vya mbao za mkongo vilivyobaki, matundu ya hewa nyuma, komeo na kufuli. Stoo ni tanuri, kwa hiyo nimelifunga ukutani kwenye korido, nje ya chumba cha Mama, ambako jua halifiki. Vanishi, spiriti, thina chupa mbili za nusu lita. Funguo mfukoni mwangu. Shamimu alikagua mpaka bawaba. Alipokosa la kusema akasema mlango umepinda.

Haujapinda.

Jumanne, 16 Septemba

Dada yangu Stara amerudi Umra salama, alhamdulillahi, na dumu la maji ya zamzam. Kutwa nzima wamegawa kwenye vichupa vya nusu lita, ndugu mmoja chupa moja. Mama kanijia na mbili. Moja yake, moja ya kaka yake, Mjomba Abdulrahim wa kule Zuzu, ambaye mwezi wa pili huu figo zinamsumbua na amebaki macho tu. Mama anaamini akinywa atainuka. Anataka chupa zikae pabaridi, pafungwe, zisishikwe ovyo.

Na pabaridi penye kufuli nyumba hii ni wapi? Nilimwambia, Mama, hilo ni kabati la sumu. Akasema maji haya ni matukufu, hayaogopi jirani. Mama akishasema hivyo unabishana na nani? Nimempa upande wa kulia. Vitu vyangu kushoto.

Shamimu yuko Mtera msibani, anarudi Alhamisi. Akikuta hivi nimekwisha. Kesho naihamishia thina kwenye galoni.

Jumatano, 17 Septemba

Sikuhamisha. Nilikuwa napiga msasa milango ya Hilda tangu alfajiri, thina chupa moja imekwisha kwa kazi hiyo hiyo. Mara Mama anaita: Makame mwanangu, maji yananuka. Nikaacha kazi. Nikazitoa chupa zote juu ya kitanda chake, nikazinusa moja moja, na kweli zote zinanuka, kwa sababu kabati zima linanuka na plastiki inashika harufu. Nikafungua yake nikaonja mbele yake. Maji safi. Ni kabati, Mama, siyo maji.

Akanywa, lakini kwa uso wa mtu aliyelazimishwa, chupa yake akabaki nayo. Nikazirudisha hizo nyingine mbili harakaharaka nikakimbilia msasa wangu. Nimechoka jamani. Nikiacha vitu wazi ni kosa, nikifungia ni kosa. Sasa hata maji yananishtaki.

Alhamisi, 18 Septemba

Saa tatu asubuhi Stara alipita kuchukua chupa ya Mjomba, anakwenda nayo Zuzu. Mimi niko kwenye mkono wa mwisho, tabaka la juu la vanishi, mlango mkubwa wa kabati la Hilda. Mkono wa mwisho huuachi katikati. Ukiinuka, pale ulipoishia panakauka mstari, na vumbi la mji huu linangoja hilo tu. Nikamrushia funguo. Upande wa kulia, nikamwambia. Sikugeuka hata kumtazama.

Saa tano akapiga simu. Yuko kwa Mjomba. Nimebana simu kwa bega, brashi mkononi. Kaka, anasema, chupa hii inanuka dawa, tena sana, hata mke wa Mjomba anasita. Nikamkata kauli. Swali hilo nimelijibu jana, nimeonja kwa mdomo wangu. Nilimwambia hivi, nayaandika kama yalivyotoka: ni kabati, Stara, siyo maji, mpeni mgonjwa anywe na mniache nifanye kazi.

Akasema haya kaka. Akaniomba na radhi.

Saa sita kasoro nikamaliza. Kazi imetoka vizuri, unajiona uso. Nikaenda kabatini, nikachukua chupa yangu ya thina upande wa kushoto, nikaimimina kwenye kopo nioshe brashi. Vanishi haikuachia. Iliganda kwenye nywele za brashi, ikawa nyeupe kama uji. Nikachovya kidole, nikaonja.

Maji.

Nimerudi kabatini mara tatu. Chupa nyingine hakuna. Iliyokuwa kulia ndiyo Stara kaondoka nayo, jina lilishafutika. Jana aliyezirudisha kutoka kitandani kwa Mama ni nani? Siyo Mama. Siyo Stara. Mimi, kwa haraka zangu.

Napiga simu ya Stara, inaita, haipokelewi. Mara tisa sasa. Mke wa Mjomba hana simu. Nimempigia Parvez, ndiye mtu pekee niliyemfikiria, na hakunilaumu. Kama ameinywa asitapishwe, anasema, ataivuta kwenye mapafu. Mkimbizeni hospitali na chupa yenyewe muende nayo. Akaniuliza kama ni ile ya kwenye chupa ya maji. Nikasema ndiyo.

Nimemwita bodaboda, kasema dakika kumi. Zimeshapita saba. Naandika hapa stoo kwa sababu nikitokea koridoni Mama ataniona. Labda mke wa Mjomba amekataa. Mwanamke yule ni mbishi, siku zote nilikuwa namlaumu kwa ubishi. Labda Mjomba amelala, wanamsubiri aamke. Mtu mzima hawezi kumeza thina akaimaliza, itamchoma mdomoni, ataitema. Lakini kaambiwa ni zamzam. Kaambiwa na mimi. Mtu hatemi zamzam.

Mara ya kumi. Inaita tu.

Mama kaniuliza kutoka chumbani kwake kama kaka yake ameshakunywa. Nimemjibu bado. Kasema nimpigie Stara nimhimize.