Wameifagia Chemchemi ya Masukulu

Masukulu, Tukuyu

Mdogo wangu Yohana,

Mimi kaka yako nina miaka sabini na kitu, na hicho kitu usiniulize. Mwingereza ametawala akaondoka, mimi nipo. Vijiji vya ujamaa vimekuja vikaisha, mimi nipo. Ushirika uliokuwa unanunua kahawa ya watu hapa umekufa, mimi nipo. Mameneja wa shamba la chai walionipigia kelele wengine wamezikwa, wengine wamerudi kwao, na mimi bado napasua kuni zangu mwenyewe. Kwa hiyo nikikuambia jambo, sikiliza.

Hamjambo huko Ukinga? Kifua cha shemeji kimepoa? Viazi vimesalimika na baridi? Sisi tupo, ndizi zipo, Mungu anatutunza. Barua hii naandika kwa mkono wangu, sikuandikiwa na mtu. Herufi ni kubwa kama viazi lakini ni zangu.

Barua yako nimepata. Umesema vijana wa nyumbani wanataka kusafisha chemchemi ya bondeni, ile aliyochota mama, wafyeke kichaka chote wapande mikaratusi, maana kuna mtu wa miche amepita. Umesema wanangoja neno langu mimi mkubwa wa ukoo. Neno langu ni hapana. Sasa sikia kwa nini.

Wanyakyusa wa huku, Yohana, ni watu wa usafi. Ukifika kwa mtu asubuhi uwanja umefagiliwa mpaka unaogopa kukanyaga. Chini ya migomba hukuti jani. Sasa chemchemi yetu ilikuwa shimo la giza, mikuyu imefungana juu, matete, majani yanaoza chini, vyura. Tangu nilipofika hapa kijana, sheria ilikuwa moja: mtu haingii mle na panga. Ukikata hata fito unatoa jogoo. Palikuwa pachafu kwa macho, lakini maji yalitoka meupe, baridi mpaka meno yanauma.

Likaja hili soko huria, kila mtu ajiuzie. Malori ya watu wa Mbeya yakaanza kutafuta nguzo, na viwanda vya chai vinataka kuni. Kamati yetu ya maji ikaita mkutano. Mwenyekiti wake ni Ambakisye, mtu mzuri tu, akasimama akasema, "Wageni wakija wanaona maji yetu yanatoka porini kama maji ya nyani. Ni aibu. Tufyeke, tujenge kwa saruji, tupande karatusi kwa mistari, kila nyumba ipate miti yake."

Nikasema mimi sikubali.

"Wewe Mkinga," akaniambia mbele ya watu, "kwenu mnakunywa ukungu na kulala na moshi. Maji umeyajulia wapi?"

Watu wakacheka. Nikamwambia, "Mimi nimekuja hapa wewe unabebwa mgongoni. Kichaka hicho nilikikuta."

"Na uchafu uliukuta!" akadakia Bibi Tusekile, jirani yangu, kwa ule mtindo wao wa kumwita kila mwanamume tata, yaani baba. "Tata, ungekuwa unafagia uwanja wako tungekusikiliza."

Wakacheka tena. Nisikudanganye, sikukataa kwa akili nyingi. Nilikataa kwa sababu sheria niliikuta, na kwa sababu walinicheka. Lakini nilikataa, na ni mimi peke yangu.

Wakafyeka. Wanawake wakafagia mpaka udongo ukang'aa. Likajengwa sanduku la saruji na bomba, mchungaji akaomba, tukala wali. Mikaratusi ikapandwa kwa mistari, mizuri kama askari. Mti ule unakua kama umetumwa.

Mwanzoni ndoo ilikuwa inajaa mama akiwa bado anafunga kitenge. Leo anakifunga, anakifungua, anamsuka jirani nywele, na ndoo haijafika nusu. Bomba linakohoa. Na hapa si kwamba kuna ukame, Yohana. Hapa mvua inanyesha mpaka moyo unachoka. Mvua inanyesha juu, chini maji yanakwisha. Mimi sijaona kitu kama hicho, na nimeona mengi.

Tena kuna hili. Dawa ya kahawa siku hizi kila mtu ananunua yake dukani, chupa nyingine hazina hata maandishi, anapulizia anavyojua. Zamani mvua ikiteremsha uchafu wa mashambani, kichaka kilikuwa kinaudaka. Sasa pamefagiliwa, hakuna cha kuudaka. Mvua ikipiga, maji ya bomba yananuka dawa. Ndama wa Bibi Tusekile alikunywa pale chini mtaroni, akalala, hakuinuka. Hakuna aliyepima, kwa hiyo sisemi alikufa na nini. Nasema nilimwona. Na watoto wa hapa wanakunywa maji yaleyale.

Tukakaa mkutano mwingine. Wote wakakubali kwamba karatusi ndiyo inayonyonya maji, ikatwe. Nani aanze? "Anza wewe, tata." "Yangu bado midogo, anza wewe mwenye minene." Kila mtu anangoja lori lije kwanza. Mkutano ukaisha hivyo, watu wakabeba ndoo zao.

Mimi nikachukua shoka nikakata miti yangu yote niliyogawiwa, mtu wa umri huu, bila kusaidiwa. Ambakisye akaja kunitazama. Hakunicheka. Akakaa juu ya gogo, akaniuliza polepole, "Tata, unafikiri yatarudi?"

Yohana, unanijua, mimi sikosi jibu. Nikamwambia aviulize visiki. Na visiki vyenyewe vimechipua, na machipukizi sasa yananipita kichwa.

Basi waambie vijana kaka mkubwa amekataa. Wakisema mzee amechanganyikiwa, wakubalie, lakini panga lisiingie mle. Huyo wa miche mpe chai aende zake. Wakilazimisha karatusi, wakapande kule juu kwenye mawe, mbali na maji. Kichaka kiache kiwe kichafu. Na wewe usiwaachie neno hili wakati wewe uko shambani. Nenda ukakae pale mwenyewe. Sisi tulimaliza kazi ile ya kufyeka kwa siku chache, tukafurahi.

Nisalimie shemeji, na dada yetu Marta mjane, umwambie nguo alizotuma zimefika. Msalimie mchungaji wa usharika wetu, na yule baba mdogo mwenye mguu mbovu. Shemeji yako wa huku anawasalimu wote. Mkono unamuuma kwa kubeba maji, vinginevyo ni mzima.

Ni mimi kaka yako, ambaye bado nipo,

Lameki Sanga

Kama vijana wanasema natunga, watume mtu aje. Amuulize Ambakisye mwenyekiti, hatakataa, siku hizi hakatai kitu. Amuulize Bibi Tusekile, atamwonyesha alipomzika ndama. Amuulize mke wangu. Asipowakuta nyumbani asifikiri wamehama. Wako kwenye foleni ya maji tangu alfajiri. Akae uwanjani, awangoje.