Kunde Nilizozing'oa

Kitale,
Jumapili, tarehe 18 Mei.
Ukungu hadi saa mbili asubuhi, kisha jua hafifu. Mlima haukuonekana.

Mama mpendwa,

Goti lako linasemaje? Wifi Nekesa ameniambia kwamba siku hizi unateka maji mara moja tu kwa siku, na kwamba ulipoanguka karibu na zizi ulimkataza asinijulishe. Amenijulisha. Tafadhali usimkasirikie. Nataka pia kujua kama mvua imerudi huko Matulo, maana hapa ilikatika wiki mbili nzima na mahindi ya watu yakaanza kujikunja. Sasa imerudi kidogo kidogo. Mimi na watoto tu wazima. Brian amekuwa mrefu, suruali ya shule imefika juu ya kifundo, na dada yake amejifunza kusonga ugali ingawa bado una mabonge. Mimi bado niko kwenye duka la agroveti, nauza mbegu, mbolea na dawa za mimea.

Nilitaka kukupigia simu, lakini kwenye simu ningekueleza nusu tu. Nimeamua kuandika, na daftari langu la kila siku liko mbele yangu ili nisibadilishe tarehe.

Nilikueleza habari za kikundi chetu cha bustani za nyumbani. Tuko wanawake tisa wa mtaa huu. Mwenye uwanja analima uwanja, asiye nao anapanda kwenye magunia kando ya mlango. Tulikubaliana kutotumia dawa wala mbolea ya dukani, ni samadi ya kuku, maganda ya jikoni na jivu. Tulichoka kununua mboga sokoni bila kujua zimepigwa nini na lini, na watoto walikuwa wamesahau hata sura ya mrenda. Kila Jumamosi tunatembelea bustani ya mmoja wetu. Kuna sheria moja: mwenye bustani anachuma jani, analiosha, analila likiwa bichi mbele ya wenzake, ndipo wao wanachuma za kubeba. Hatuna cheti wala mtu wa kutupimia. Tuna jani tu, na mdomo wa mwenye bustani. Sheria hiyo niliipendekeza mimi, na mimi ndiye katibu.

Mwenyekiti ni Mama Wanjiru, mwanamke wa umri wako, ambaye wazazi wake walitoka Mkoa wa Kati zamani wakanunua shamba kule Kwanza. Hunitania kila mara. "Mchana unauza sumu, Jumamosi unatuhubiria samadi. Sasa wewe ni daktari ama mchawi?" Wote hucheka, nami hucheka nao.

Mbegu zako za kunde, zile ulizonifungia kwenye kitambaa Krismasi, zilikuwa zimeota vizuri sana. Mvua ilipokatika, wakaja wale wadudu weusi wanaoganda chini ya majani. Nawe uliniambia nitie jivu alfajiri, umande ukiwa bado kwenye majani ili lishike. Mama, sikutia alfajiri. Asubuhi nina chai ya watoto na viatu vya kutafuta, kwa hiyo nilitia jioni nikitoka kazini, majani yakiwa makavu, na upepo ukalipeleka kwa jirani. Nilifanya hivyo mara mbili. Kisha nikaandika daftarini: "Jivu halifanyi kazi."

Jumatano, tarehe 30 Aprili, nilinunua chupa ndogo kabisa ya dawa pale pale ninapouza. Niliazima pampu kwa jirani mwenye mahindi, nikapuliza kunde zote kabla watoto hawajatoka shuleni. Chupa inasema ungoje siku kumi na nne kabla ya kuchuma. Nikahesabu: mpaka tarehe 14 Mei. Zamu yangu ya kutembelewa ilikuwa tarehe 17. Nilijiambia watoto hawatazila kwa sasa, na siku ya zamu nitakula jani langu bila wasiwasi wowote. Hesabu hiyo yote iko daftarini, kwa mwandiko mzuri.

Wadudu waliisha. Kwa siku chache kunde zikatoa majani mapya, mapana. Mwenzetu mmoja, Mama Neema, alipita njiani akasimama. "Mama Brian, hizi kunde zinang'aa! Unazipa nini?"

Nikamwambia, "Ni jivu tu."

Mpaka hapo nilikuwa nimeficha. Hapo ndipo nilipodanganya.

Ijumaa tarehe 9, Mama Wanjiru akanipigia simu. Mwenye zamu ya kesho yake alikuwa amefiwa na shangazi yake huko Saboti, kwa hiyo wangekuja kwangu. Nilisema karibuni. Ningeweza kusema mtoto anaumwa, au nimeitwa kazini. Sijui kwa nini sikusema. Labda nilitaka wafike ili jambo liishe, hata kama sikujua litaisha vipi.

Walikuja saba. Mmoja wao ni Mercy, mdogo wetu kuliko wote, ana mimba ya miezi saba, ya kwanza. Kliniki walimwambia ale mboga za majani kwa wingi, na za soko amezikataa kabisa. Alikuja na kikapu kikubwa kuliko cha mtu yeyote.

"Leo msinione mchoyo," akasema. "Ya soko siamini. Ya Mama Brian naamini."

Nilichuma jani, nikaliosha. Mama, nilikuwa nile. Nilijua jani moja halitaniua, na nilifikiri nikishalimeza nitatafuta namna ya kuwazuia wasichume nyingi. Lakini nilipoinua kichwa, Mercy alikuwa ameshainama upande wa pili wa tuta, amechuma lake na kulipangusa kwenye leso.

"Wacha nitangulie, hii ni njaa ya watu wawili." Akalitia mdomoni.

"Mercy, tema."

"Ati nini?"

"Tema. Zimepigwa dawa."

Akatema mkononi. Kisha Mama Wanjiru akauliza polepole, "Zimepigwa lini?"

"Tarehe thelathini. Zimebaki siku nne."

"Siku nne za nini?"

"Za kungoja."

Mama Neema akapiga makofi mara moja. "Kumbe una kalenda! Na mimi nimeenda nikamwaga jivu la nyumba nzima, ati Mama Brian anatumia jivu. Si ungetuambia tungoje tu, bana? Wadudu hata kwangu wako. Sisi tungengoja."

Hayo ndiyo maneno yaliyoniingia kuliko yote. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, na hayakuja.

Mercy alisukutua mdomo mara tatu. Halafu akaniuliza kuhusu zile nilizompa mwezi wa nne mwanzoni. Nikamwambia hizo zilikuwa safi.

"Nitajuaje?"

Nikaingia ndani nikaleta daftari hili, ambalo hata Baba Brian hajawahi kulifungua, nikampa. Alisoma kurasa za Aprili zote, amesimama, kidole kikifuata mstari. Alisoma mpaka tarehe 30 na hesabu yake. Akalifunga, akanirudishia.

"Unaandika vizuri," akasema. Haikuwa sifa.

Mama Wanjiru alisema neno moja: "Ng'oa." Nikamkumbusha kwamba baada ya siku nne zingefaa kuliwa, chupa yenyewe inasema hivyo.

"Kwa dawa ni siku nne," akasema. "Kwa sisi ni zaidi."

Nikang'oa tuta zima, wao wakitazama, hata zile zilizokuwa zimeanza kufunga maganda. Tulizifukia kwenye shimo mwisho wa uwanja, mbuzi wa watu wasije wakazila. Mama Neema alinisaidia kuchimba huku akiendelea kuninung'unikia. Ukatibu waliniachia. Mama Wanjiru alisema hakuna mwingine mwenye mwandiko unaosomeka. Mercy aliondoka na kikapu kitupu, na juma lote alipopita dukani alinisalimu bila kusimama.

Nimefikiri sana, Mama. Siku zote nilidhani kinachotulisha vizuri ni samadi na kuacha dawa. Hayo ni kweli. Lakini Mercy hawezi kuonja dawa kwenye jani, hata mimi siwezi. Anachokula kwanza ni neno la aliyelima. Mimi nilihesabu siku za dawa peke yake.

Jana, tarehe 17, tulikwenda kwa Mercy mwenyewe, kwenye magunia yake matano ya sukuma na mchicha. Nilisita mlangoni. Alichuma jani la sukuma, akaliosha, akalikata katikati. Nusu akala. Nusu akaninyooshea.

"Kula na wewe. Wote tuone."

Nikala. Lilikuwa gumu na lilichukua muda kutafunika, na wote walikuwa wakinitazama taya. Mama Wanjiru akaanza kucheka, kisha wengine. Wakati wa kuondoka Mercy alinifungia mboga za watoto. Nikamshukuru, nikamwambia nikipanda tena nitamletea. Akasema, "Zangu nitakupa. Za kwako bado sijaamua." Nimelipokea hilo. Nadhani angesema vingine ningemwogopa.

Sasa kuhusu ndugu yangu Wafula. Amenipigia kuniambia anataka kupuliza dawa ya magugu nyuma ya jiko lako, usiiname tena na hilo goti. Zamani ningemfokea. Mwambie sijakasirika, alitaka kukupunguzia kazi kama mimi nilivyotaka kujipunguzia. Lakini angoje kidogo. Pale ndipo mrenda na mchicha huota vyenyewe, na dawa ile haichagui. Nimepewa likizo kuanzia tarehe 2 Juni, siku sita. Nitapalilia mwenyewe, wewe ukae kwenye kigoda uniamrishe.

Nina ombi. Kama kuna kunde za mbegu zilizobaki, niwekee kiganja kimoja nikija. Zisiwe nyingi. Nataka pia uniamshe alfajiri unionyeshe lile jivu, kwa sababu nimegundua niliwahi kulisikia tu, sijawahi kuliona likitiwa.

Msalimie wifi Nekesa na umwambie aendelee kunipa siri zako. Msalimie mjomba anayegonga kengele ya kanisa, shangazi muuza ndizi, na yule mama jirani aliyekuinua ulipoanguka. Yeye mshike mkono kwa niaba yangu.

Mimi binti yako,
Naliaka

Jumatatu asubuhi, kabla ya kufunga bahasha: jana nilipata usingizi saa nne na robo usiku. Juma lililopita ilikuwa saa nane.