Umeme Ulio Ndani ya Sauti ya Mzee

Kitale,
Septemba.

Kwako Jelimo, kitindamimba wetu,

Nakusalimu kwa mapenzi ya ndugu aliyekubeba mgongoni kuvuka mto Suam kwenda kwa nyanya, wakati hata kutambaa ulikuwa hujajua vizuri. Habari za Bungoma? Shemeji Ian hajambo? Na mwanao Chesang, ule mguu uliomteguka kwenye netiboli umepona? Sisi huku tunaendelea. Mvua imekuja na mahindi yamekubali, ingawa tunajua wote kwamba yakishavunwa watakuja watu na malori kutuambia yana unyevu, kana kwamba mvua tuliipanga sisi. Phelista anakusalimu sana. Anasema ati mume wake ameoa betri, na kama Bungoma kuna dawa ya ugonjwa huo umtumie.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kwenye simu ungenikatiza, au ungelia, na mimi nikikatizwa hupandisha sauti, unanijua. Karatasi haikatizi mtu. Nakuomba uisome yote.

Ile mashine niliyokuambia nimeimaliza. Mafundi huiita DAC. Mimi naiita kigeuzi, maana kazi yake ni kugeuza. Sauti ikishaingia kwenye simu au kompyuta si sauti tena, ni tarakimu, safu ndefu za tarakimu, na sikio la binadamu halisikii tarakimu. Lazima kitu kizirudishe ziwe umeme unaotetemeka kama koo linavyotetemeka, ndipo amplifaya iupokee na spika zizungumze. Simu yako ina kigeuzi ndani, lakini ni kidogo, na spika yake ndogo humeza minong'ono yote. Amplifaya aliyoiacha Mzee, baba yetu, nayo ni ya zamani, haijui kompyuta, inajua waya tu. Nilitaka kumsikia Mzee kupitia amplifaya yake mwenyewe. Nilitaka hilo tu, Jelimo. Sikuanza kwa ubaya.

Unakumbuka jinsi nilivyoipata amplifaya hiyo. Siku tuliponyolewa baada ya mazishi, wazee wameketi, ndugu yetu Kemboi aliunganisha simu yake na spika za kukodi, jenereta ikiunguruma nyuma ya hema, na ukoo mzima ukasikia wasia aliorekodiwa Mzee kabla hajafa. Shamba lote la Kemboi. Wewe ng'ombe wawili. Kisha ukaja ule ukimya mrefu, watu wakadhani roho imekatika humo humo, halafu Mzee akasema juu yangu, kwa lugha yetu, neno ambalo nimeamka nalo kila asubuhi tangu siku ile: amechagua maneno, abaki na maneno. Watu waliguna. Mzee Kipyegon, aliyekuwa mwenyekiti wa kikao, aliuliza swali moja tu, lile ambalo wazee wetu hawaliachi. Je, yalisemwa ndani ya boma lake? Maana kwetu neno la mwisho hushika likitoka kwenye kitanda cha mwenyewe, karibu na moto wake. Likisemwa nyumbani kwa watu wengine ni mazungumzo tu, hata msemaji awe anakata roho. Kemboi akajibu kwamba yalisemwa kitandani kwake, jioni ya kuamkia alfajiri aliyotutoka. Wazee wakakugeukia wewe, kwa kuwa ni nyinyi wawili tu mliokuwa na Mzee. Ukaitikia kwa kichwa. Ndipo Kemboi akanikabidhi amplifaya akicheka, ati sauti apewe mwenye maneno.

Sikubisha. Mimi, niliyebishana na wabunge na maaskofu na wahariri mpaka wengine wakabadilisha namba za simu, siku hiyo sikubisha. Nilijua Mzee hakupenda nilivyowaandika magazetini wakubwa wa chama cha wakulima, ambao walikuwa marafiki zake. Nikasema basi, amekufa ameninunia, na pengine nimestahili.

Nilikuomba nakala ya sauti ile ukakataa, ukasema Kemboi hataki izagae. Halafu mwezi wa nne Chesang akaniletea memori kadi imefungwa kwenye leso, bila neno lolote. Nilishukuru. Leo najiuliza ulikuwa unanipa nini.

Vipuri nilivipata kwa Shafi, fundi wa redio karibu na msikiti, yule ambaye hucheka kabla ya kusalimu. Aliniuliza kama profesa wa magazeti ameishiwa na watu wa kutukana hata aje kutukana waya. Nilichoma vidole, nikachoma meza ya Phelista, nikaunguza chipu ya kwanza kwa kubadilisha chanya na hasi. Shafi akasema ndiyo shida ya watu wa upinzani, hata umeme wanauingiza kwa mlango wa nyuma. Nilikuwa nimesoma mabishano ya wazungu wanaojitengenezea mashine hizi, na nakuambia maaskofu hawajawahi kugombana hivyo juu ya ubatizo. Jambo moja tu wanakubaliana: chipu iwe bora namna gani, ukiilisha umeme mchafu itasema uchafu. Nililipenda neno hilo. Ningeweza kulihubiri kwenye mkutano wa hadhara na watu wakajua ninamsema nani.

Basi kigeuzi kikaanza kufanya kazi. Nikaweka kadi kwenye simu, Mzee akakohoa sebuleni kwangu, na Phelista akaacha kuchagua maharagwe akasimama. Sauti ilikuwa yake kabisa, hata kile kikwazo chake kooni. Lakini chini yake kulikuwa na mngurumo, mzito, usiopanda wala kushuka, kama mzinga wa nyuki ulio mbali. Nikajua ni umeme wa Kitale huo, mchafu kama walioturushia ahadi zake. Shafi akabadilisha transfoma. Mngurumo ukabaki. Tukaweka kapasita ya kuchuja umeme, kubwa kama kopo la majani ya chai, na mngurumo ukabaki. Nikaandika makala nzima juu ya umeme wa nchi hii, nikawachambua wahusika mpaka mhariri akaniomba nipunguze chumvi. Sikupunguza hata punje. Na sasa inanibidi nikiri kwamba, kwa mara ya kwanza katika maisha yao, walikuwa hawana hatia.

Mwishowe Shafi alichoka na mimi. Akasema bana, achana na serikali, weka betri. Akaniletea mbili za pikipiki, maana amplifaya ya Mzee nayo hula betri, tukaung'oa waya wa ukutani kabisa. Betri ni bubu, Jelimo. Haingurumi, haijui mtu yeyote aliye mamlakani. Tukawasha. Mzee akakohoa, na mzinga wa nyuki ukawa pale pale. Shafi aliacha kucheka. Akatoa sauti yake mwenyewe aliyoirekodi siku ya nikahi ya binti yake Leila, tukaicheza kwa kigeuzi kile kile na betri zile zile. Kati ya neno na neno palikuwa safi kiasi kwamba tulisikia mtu akiweka kikombe juu ya kisahani. Tukarudi kwa Mzee, nyuki wakarudi. Akaniangalia, akasema polepole, mwalimu, huo umeme hauko kwa mashine yako, uko ndani ya mzee.

Unajua kwamba nyumbani Suam hakuna umeme. Kuna nguzo. Zililetwa wakati wa kampeni, zikachimbiwa kwa ngoma na vigelegele, na mpaka leo hazijavaa waya. Moja Mzee alikuwa akifungia fahali wake. Hakuna jenereta pale, hakuna hata taa ya sola inayoweza kunguruma.

Jumamosi mchana Phelista alikwenda sokoni, nikabaki na Mzee peke yangu. Alikuwa anaeleza juu ya ua wa upande wa mlima, kwamba usisogezwe. Katikati ya sentensi mngurumo ukatetemeka, ukagonga kama sufuria iliyopigwa kijiko, ukazimika. Nilishika kichwa kwa mikono miwili. Lile friji nililibeba mimi na Ian, kutoka kwenye pikapu hadi jikoni kwako, bega langu likauma mwezi mzima. Kila nilipokula kwako nimelisikia likizima hivyo hivyo, na wewe ukicheka ukisema friji linaaga.

Kwa hiyo haikuwa Suam. Mzee alikuwa kwako Bungoma, amelala chumba cha karibu na jikoni, na neno lake la mwisho alilisema huko kabla Kemboi hajampakia kwenye pikapu kumrudisha akiwa na pumzi chache, ili majirani waone anakata roho kwake. Wazee walidanganywa, na wewe ulikuwa shahidi.

Kama ningeishia hapo ningekuwa na kesi ya shamba, na mimi ni mtu wa kesi, ningeifurahia. Lakini friji lilipoaga palibaki kimya, ule ukimya mrefu ambao jenereta ya mazishi ilitufichia. Nikapandisha sauti hadi mwisho. Si kimya, Jelimo. Mzee anauliza, kwa pumzi tupu, kama mimi, Kipngetich, nimefika. Anauliza tena. Ndipo sauti ya mwanamke, iliyo mbali na simu, inamwambia:

"Amekataa kuja, Baba. Amesema ana kazi yake ya kuandika."

Kitanda kinalia, kama mtu anayejigeuza kuelekea ukutani. Halafu Mzee anasema yale maneno.

Sauti hiyo sihitaji kuigeuza. Niliifundisha kusema "mama".

Sikuitwa. Wiki ile nilimpigia Kemboi, akaniambia Mzee yuko Suam, ana kikohozi tu, barabara ni matope, nisijisumbue. Nikakupigia wewe, ukasema vivyo hivyo, na sasa najua ulikuwa umesimama hatua chache kutoka kitandani kwake. Simu yangu ilikuwa mezani, imejaa chaji. Mtu hunywa chai ya asubuhi Kitale akala chakula cha mchana Bungoma. Ningekuja kwa miguu.

Kemboi simshangai. Kemboi anapenda ardhi kuliko wanaotembea juu yake, na watu wa namna hiyo wanatawala nusu ya dunia, nimesoma juu yao na nimewaandika. Kama angeninyang'anya shamba kwa mchana mweupe ningempiga mahakamani na kwenye magazeti, kisha tungekunywa chai matanga yakija. Lakini yeye hakusema neno lile. Ulilisema wewe. Baba yetu alikwenda akijua kwamba mwanawe alipima kifo chake na makala, akachagua makala. Hakuna rufaa ya jambo hilo. Nimetafuta, kwa akili yangu yote, na hakuna.

Sasa nisikilize. Desemba ni ibada ya ukumbusho, na wazee watatutaka watoto wote tukubali wasia mbele yao kabla shamba halijabadilishwa jina. Kemboi ameshanipigia, sauti asali tupu, ati ndugu yangu uje na amani. Nitakuja na amani. Nitakuja pia na amplifaya ya Mzee, kigeuzi changu na zile betri mbili. Mwambie asihangaike na jenereta. Shafi anakuja nami kuunganisha waya, na amesema safari hii hatacheka.

Mzee Kipyegon atauliza tena swali lake, wewe unamjua, huliuliza hata kwa jambo lililokwisha kujibiwa. Hapo nitakungoja. Ukisimama ukasema kwa kinywa chako yalisemwa wapi, na ulimwambia nini Baba, sitagusa kitufe chochote, na kadi hii nitakuwekea mkononi ikiwa kwenye leso yake ile ile. Labda ndiyo maana uliituma. Labda ulitaka mtu aisikie, ukakosa ujasiri wa kumwambia asikilize wapi. Natamani iwe hivyo, ingawa kutamani si kazi niliyoizoea.

Ukikaa, nitabonyeza. Kule juu Suam hakuna umeme, dada yangu. Kutakuwa kimya kabisa, na hata walio nje ya ua watakusikia.

Nisalimie Ian. Wiki ile alikuwa safarini, nimeuliza nikahakikisha, sina neno naye. Chesang mwambie apumzishe huo mguu na asiache vitabu. Phelista amekuwekea mbegu za maharagwe mekundu ulizoomba, zitakuja na mtu wa kwanza anayeshuka Bungoma, kwa kuwa aliahidi na yeye hajui nilichoandika humu. Jitunze, ule vizuri, na Mungu akufikishe Desemba ukiwa na afya.

Ni mimi kaka yako, ambaye hakukataa kuja,

Kipngetich.