Kifungu cha Nne

Mama mpenzi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Dada ameniambia siku hizi unafika kwa jirani bila fimbo, nikafurahi, ingawa nashuku fimbo umeificha mwenyewe. Sisi huku ni wazima, na cherehani yako bado ipo pale pale dirishani, kelele zake zile zile.

Habari kubwa ni ya mwenye nyumba wetu, Mzee Funguo. Jumatatu alipita mlango kwa mlango akitangaza kwamba kuanzia mwezi ujao kodi inapanda kwa theluthi, na asiyeweza afungashe virago. Nilishtuka, mama. Wateja wangu wote wanakijua chumba hiki. Nikihama, nahama na sindano tu. Kinyozi wa chumba cha mbele alishaanza kuulizia vyumba kwingine. Nikamwambia atulie, kutangaziwa si kuhamishwa, na wapangaji wote tulitia saini mkataba wa maneno yale yale. Kifungu cha nne, kile ulichogoma kutia saini mpaka kiandikwe, nakijua kwa moyo: kodi haipandi kabla mkataba haujaisha, na hata hapo tupewe taarifa ya maandishi miezi mitatu mapema.

Jumamosi tukamwita uani. Nilimwamkia, nikampa kiti, nikamweleza kwamba nyumba ni yake, hilo hatubishi, lakini mkataba ni wetu sote. Akajibu kwamba maneno matupu hayavunji mfupa, nilete karatasi. Wenzangu zao walishazipoteza, na ya kinyozi ililiwa na mchwa. Nikaleta yetu. Akavaa miwani, akasoma, akaitazama saini yake. Mwishowe akasema kodi itabaki ile ile mpaka mkataba uishe mwakani, na akitaka kuongeza atatuandikia. Kinyozi alimnyoa bure siku hiyo hiyo.

Sasa mama, keti kwanza. Mkataba ule uliniachia sandukuni ukaniambia niulinde. Mwaka jana niliishiwa karatasi ngumu, nikaukata vipande vya kupimia kola na mikono ya gauni. Mzee Funguo aliusoma ukiwa umebanwa juu ya kitambaa kwa pini kumi na saba, akajichoma kidole mara mbili. Kifungu cha nne kilikuwa kwenye kola, saini yake kwenye mkono wa kushoto. Na madaha yote yale niliyokuwa nayo, kumbe kipande cha saini nilikiokota asubuhi ile ile chini ya cherehani. Nimekukosea, nisamehe.

Nilitaka kukuomba unitumie nakala yako, lakini nimeghairi. Ikae huko huko kwako. Mimi nikiona karatasi ngumu, mkono wenyewe unatafuta mkasi.

Msalimie dada, na yeyote atakayeniulizia mwambie bado nipo chumba kile kile.

Mwanao kitinda mimba,
fundi wa dirishani