Sheria Yenye Jina la Baba

Sykes Landing, 11 Januari

Mdogo wangu Lavelle,

Hujambo huko mji mkuu? Sisi wazima, ila goti la Mama linamsumbua kwa baridi. Tumesoma barua yako ya kuomba muswada wako wa usawa wa shule uitwe kwa jina la Baba. Mama amelia, kisha akasaini ridhaa. Nami nimesaini, ingawa nakujua wewe kwa kupenda sifa. Watoto wangu wa shule, tisini na watatu, mwaka wa tatu huu hawana mwalimu wa sayansi, na wenzao wa shule kubwa ya Belmore wana maabara mbili. Tupatie mwalimu, nikukaangie kambare mpaka uombe poo! Ila shule aliyoijenga Baba isiguswe. Umenisikia, mheshimiwa?

Dada yako,
Odessa

Mji mkuu, 2 Aprili

Dada, shikamoo.

Mama anaendeleaje? Sheria imepita! Bunge zima lilisimama lilipotajwa jina la Baba, nami nikalia mbele za watu. Kalamu aliyosainia gavana hupewa mwenye muswada. Nimekuwekea humu kwenye bahasha.

Siku ya mwisho kabla ya kura, wabunge wenzangu walichomeka kifungu: shule yenye watoto chini ya mia moja na hamsini ifungwe, watoto wahamie shule kubwa. Sasa ningesimamaje kupinga sheria ya Baba mwenyewe? Mwalimu wa sayansi watampata, Dada, hukohuko Belmore. Mweleze Mama taratibu.

Mdogo wako,
Lavelle

Mji mkuu, 29 Aprili

Dada, shikamoo tena.

Hujajibu, na Mama hapokei simu. Goti limezidi? Nitukane basi, lakini niandikie.

Mdogo wako,
Lavelle

Sykes Landing, 26 Mei

Mheshimiwa Tarpley,

Tu wazima. Mama nilimweleza taratibu, kama ulivyotaka. Aliishusha picha yako sebuleni, akaiacha ya Baba. Kuanzia Agosti watoto watapanda basi saa kumi na moja alfajiri, hata wa darasa la kwanza. Jina la Baba lilikuwa chambo, nawe ukameza mpaka ndoano. Nina hasira nawe, Lavelle, na sijui zitaisha lini.

Kalamu ya gavana inaandika vizuri. Nimejazia fomu za uhamisho, zote tisini na tatu. Penye sababu ya kuhama nimeandika, mtoto mmoja mmoja: Sheria ya Hezekiah Tarpley.

Odessa Tarpley,
Mwalimu Mkuu, mpaka Ijumaa