Ngano ya Arobaini ya Garifalia

Kijijini kwetu, Rethimno,
Krete.
3 Machi 1945

Mpendwa Mama Mdogo Stamatia,

Hamjambo huko Detroit? Kifua cha Baba Mdogo Sifis kinaendeleaje na baridi hiyo? Sisi miili ni mizima, Mungu ashukuriwe. Nyumba tumeiezeka upya, mbuzi wamebaki watatu. Wajerumani wameondoka hapa kwetu, laana iwafuate.

Najua mwaka jana ulipata habari kupitia Msalaba Mwekundu kwamba dada yangu Garifalia ameanguka gengeni akafa. Ukamlilia, ukamfanyia ibada. Tusamehe, Mama Mdogo. Ulikuwa uongo wetu.

Mimi na Garifalia tulikuwa tukiwapelekea wapiganaji wetu milimani risasi, tukizificha chini ya jibini. Jina lake likajulikana. Wajerumani wakaapa wasipompata watatuchoma ndani ya nyumba. Basi tukamficha katika zizi la juu, tukavaa nyeusi, tukatangaza msiba. Mama alilia mpaka sauti ikamkauka. Wakaamini.

Ikafika arobaini. Unajua mwenyewe, hapa kwetu hakuna arobaini bila ngano ya kuchemsha, kila mtu apewe konzi yake mlangoni pa kanisa amwombee marehemu. Mama akagoma.

"Mwanangu yu hai, nimpikie chakula cha wafu? Huko si kumwitia kifo?"

"Mama, ni ngano tu!"

"Ngano tu? Basi nikuchemshie wewe, tuone kama utalala usingizi."

Nikailoweka kwa siri. Akaiona, akawamwagia kuku.

Kanisani watu wakatoka mikono mitupu. Mke wa mkalimani wa Wajerumani akakinga kiganja, Mama akamwambia ngano hakuna. Hakuna! Na ndiyo kwanza tumepura, kijiji kizima kimeona. Yule mwanamke si mjinga. Mama gani hapa kwetu anamnyima bintiye ngano ya arobaini, kama kweli amekufa?

Juma lile lile Wajerumani wakapanda mlimani, wakapekua zizi moja baada ya jingine mpaka wakampata. Wakampiga risasi pale pale. Mimi nilikuwa kisimani, nikaisikia milio. Nyumba wakaichoma hata hivyo.

Sasa Mama hali, halali. Kila asubuhi ananiuliza: "Argiro, ni mimi niliyemuua?" Namjibu, hapana Mama, ni Wajerumani. Haniamini, na sababu naijua. Siku ile ya kuku nilimpigia kelele: "Utamuua kwa ushirikina wako!" Neno likishatoka halirudi.

Mwandikie wewe, Mama Mdogo. Ninyi mmenyonya ziwa moja, wewe atakusikia. Mwambie hata wewe ungekataa kuichemsha. Kama si kweli, mwambie hivyo hivyo.

Nisalimie Baba Mdogo na binamu zangu, Marika na Kostis. Mungu awakinge na yaliyotupata sisi. Na tafadhali, Mama asijue kwamba nimekuomba.

Wako akupendaye daima,
Argiro