Nani Atanikanda

Mikumi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti limetulia, na maharage yenu huko mlimani hayakuozeshwa na mvua. Mimi sijambo, ila nimekukumbuka mpaka nachukia jioni ikiingia. Kwenye simu nikisikia sauti yako maneno yananikwama, ndiyo maana nimemwomba Thadeo, dereva wa basi la Kilosa, akufikishie hii.

Utafiti wangu unaendelea. Sera inataka mjamzito anayeishi mbali akakae kwenye nyumba ya kusubiria, karibu na kituo cha afya, hadi uchungu umshike. Vitanda vipo, lakini akina mama wanaondoka, nami nilitumwa kuwauliza kwa nini. Profesa wangu, aliyeko Dar, alikuwa na hakika kwamba ni nauli na umbali.

Nauli wanaitaja, kweli. Ila ukikaa nao wakimenya viazi, wanasema mengine. Marciana, mke wa mfugaji, alifungasha kanga zake akaondoka siku zikiwa zimekaribia. Nilipomfuata akanitazama tumboni, akaniuliza akishajifungua nani atamkanda kwa maji ya moto na kumkorogea uji, ikiwa mama yake haruhusiwi kulala pale. Nilirudi chumbani nikalia.

Basi nimependekeza kila mjamzito aruhusiwe kuja na mtu wake, naye apewe kitanda. Profesa ameisifu sana aya hiyo. Hajui kwamba nilipoiandika nilikuwa nakuwaza wewe.

Mama, mimi pia ni mjamzito, na mwezi ujao nitajifungua. Baba wa mtoto ni Jilala. Ndiye yule yule ambaye ng'ombe wa baba yake walimaliza mahindi yetu, nawe ukasema nisimtaje tena nyumbani kwako. Sikumtaja, ila kumpenda sikuacha. Anataka kuja kwako na wazee wake, naye anaogopa utawafungia mlango.

Hasira zako nazijua, na nitazipokea zote. Lakini zilete mwenyewe. Kitanda cha pili nimeshakitandika chumbani kwangu, na sufuria kubwa ya maji nimenunua.

Nisalimie mjomba Filipo na wote wanaoniulizia kanisani. Thadeo anageuza kurudi huku Alhamisi, na nimemwomba akuwekee siti ya mbele. Nitakuwa stendi, uje usije.

Mwanao anayekungoja,
Debora